Koti la Nestory

Isihaka alifungua friza amtolee mteja samaki, akakuta koti limelala juu ya sangara.

"Fundi Telesfori!" aliita mpaka ng'ambo ya barabara. "Leo koti, kesho utaniletea kitanda?"

Telesfori alivuka mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alipenyeza mkono ndani ya koti, akachomoa chupa ya maji aliyoyachemsha alfajiri. Yalikuwa bado vuguvugu. Alifurahi, kisha akakasirika kwamba amefurahi.

"Linafaa," alisema kwa sauti ya mfiwa.

"Mbona halina mikono?" Isihaka aliligeuza huku na huku. "Huyo mkwe wako ana nini?"

"Usimwite mkwe!"

Habari zenyewe zilikuwa zimepitia kwa Therese, dada yake Telesfori. Umutesi, binti wa Telesfori, alikuwa mwaka wa tatu huko karibu na ncha ya dunia, akisomea udaktari wa mianga ya rangi inayocheza angani kwenye usiku wa barafu. Picha ya kwanza aliyotuma ilikuwa mbingu kijani tupu. Mama yake, Speciose, aliitazama akauliza ni nani kawasha taa za kunasia senene kubwa kiasi hicho. Telesfori alikuwa na simu ya kitochi tu, na hata angekuwa na ile ya kupangusa, baba hamuulizi bintiye habari za mwanamume. Hizo ni za shangazi.

Na ujumbe wa sauti uliofika kwa shangazi ulikuwa mfupi.

"Shikamoo shangazi. Mwombe baba anishonee koti la Nestory. Nakaa naye nje usiku kucha, ndiye jicho langu. Mwaka jana baridi ilimwangusha wiki mbili, nikabaki sina la kuandika. Akianguka tena, udaktari wangu ndiyo basi."

Vipimo vilifuata: kimo futi nne, kifua na kiuno sawasawa, mikono isiwekwe, uso uachwe wazi kwa juu.

"Futi nne!" Telesfori alikuwa amefoka. "Na kiuno cha pipa!"

"Wa huko wanakula siagi," Therese alimjibu. "Wewe shona. Mapenzi hayapimwi kwa futi."

Kilichomkera zaidi ni jina. Nestory lilikuwa jina la marehemu baba yake, mzee wa jicho moja aliyekesha shambani miaka nenda rudi akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, wala hakusinzia. Mwenye jina la baba yako ni baba yako. Telesfori alishindwa hata kumtukana mtu huyo vizuri.

Umutesi alikuwa ameahidi kwamba akimaliza atarudi kufundisha nyumbani. Ahadi hiyo ndiyo baba yake aliyokuwa akilala nayo na kuamka nayo. Sasa binti anayekesha na mwanamume, tena anamwita jicho lake, atarudi hapa Nyaishozi kufuata nini?

Jioni hiyo shetani alivuta kiti, akakaa kando ya cherehani. Koti lilikuwa na tabaka tatu: turubai nje, sponji katikati, blanketi ndani. Je, blanketi likitolewa, nani atajua? Baridi itamwangusha Nestory, masomo yatavunjika, na Umutesi atarudi kwao. Telesfori alishika wembe wa kufumulia, akatafuta mshono.

Atarudi, ndiyo. Atarudi bila udaktari, na macho yamemvimba kwa kulia.

"Unashona au unasali?" Speciose aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akimenya ndizi.

Telesfori alitupa wembe. Aliingia chumbani, akatoka na blanketi la kitandani mwao, lile zito walilopewa siku ya harusi, akalitia mkasi. Koti likapata tabaka la nne.

"Na sisi je?" Speciose alishika kiuno.

"Sisi tutabanana."

Speciose alicheka mpaka ndizi ikamponyoka. Wiki iliyofuata koti liliondoka na posta ya Kayanga, na Telesfori alilisindikiza kwa macho kama mtu anayetoa mahari upande usio wake.

Mwezi wa pili, mchana kweupe, Therese alikuja dukani kwa Isihaka akikimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Telesfori na Speciose waliitwa. Aliwasha sauti, watu wote wakatega masikio.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Baba, asante sana! Tangu avae koti, Nestory hajasinzia hata usiku mmoja. Kazi yangu imepita! Mwezi wa saba narudi nyumbani, na safari hii nimerudi kabisa. Nestory namwacha huku. Atachukuliwa na mwanafunzi mwingine, msichana mmoja mgeni."

Speciose alipiga vigelegele. Telesfori alimkumbatia Isihaka, akamkumbatia na mteja asiyemjua. Halafu uso ukamshuka.

"Hivi kamwacha hivihivi?" alisema. "Mtu aliyemkeshea miaka mitatu? Mwenye jina la baba yangu? Therese, mwambie mtoto hatukumlea hivyo! Basi angalau aje naye, tumwone!"

"Kuna na picha," Therese alisema.

Vichwa vikasongamana juu ya simu. Mtandao uliileta picha kidogo kidogo, kuanzia chini: kwanza theluji, kisha miguu mitatu ya chuma iliyochomoza chini ya pindo, kisha Umutesi, anacheka, amelikumbatia koti la tabaka nne, na juu kabisa, pale palipoachwa uso, kamera, jicho lake moja la kioo likitazama mbinguni.