Kondoo Waliovalishwa

Tusekile aliwanyoa kondoo wake mapema kwa sababu jua la wiki ile lilimdanganya. Mji mzima ulimwambia asubiri, akaziba masikio. Asubuhi hii malisho ya mlimani yameamka meupe pee kwa sakitu, umande ulioganda, na kondoo wake wote kumi na tisa wanatetemeka, hawana manyoya.

Basi akapanda mlimani na nguo zote za nyumbani. Huyu akamvika sweta, yule blanketi, mwingine gauni lake la harusi.

"Shoga, unawapeleka kanisani?" aliuliza jirani yake Mama Ngwisa, mbea wa mtaa, aliyepanda mlima wote ule asipitwe na habari.

"Cheka, shoga. Cheka umalize."

Mama Ngwisa akacheka kweli, mpaka kondoo mwenye gauni akapiga magoti, akalala. Kila mfugaji wa huko anajua kwamba kondoo akilala juu ya sakitu, haamki tena.

"Shika huko nyuma!" Tusekile alipiga kelele.

Wakamwinua. Kugeuka, wawili wengine wako chini. Wakawainua hao, wakaanguka wengine watano.

"Turudi, mwenzangu. Utafia hapa."

"Nina hawa tu. Nirudi nyumbani kwa nani?"

Mama Ngwisa akajifunga khanga yake kiunoni. Akambana kondoo mmoja katikati ya miguu yake asianguke. Tusekile akambana mwingine. Mbele yao waliobaki wakaanza kupiga magoti, mmoja mmoja, taratibu, huku wakiwatazama.