Gamba Jembamba

Bosi alilitupa gamba mezani. Lililia kidogo tu, kama ukucha uliokatwa.

"Mteja kalikuta kwenye nyama. Kopo la meza hii, tena," Bwana Pruitt alisema. "Hapa kuna mtu haoni, anapapasa tu. Leo nitamjua, na leoleo anatoka."

Mlango ukabamizwa. Wanawake wa kumenya kaa wakashusha pumzi.

"Shangazi Odessa," Bernice akaanza, "hiyo ni miwani au vitako vya chupa?"

"Nakuona vizuri, Bernice. Hata kanisani nakuona unavyosinzia, udenda huo!"

Wakacheka, lakini kicheko cha watu waliochoka hakifiki mbali. Kila mmoja alijua bosi anamtafuta nani. Odessa alikuwa mzee kuliko kiwanda chenyewe. Kila asubuhi aliingia ameshikana mkono na Verlene, binti wa kaka yake, na watu walimsifu Verlene kwa kumtunza mzee namna ile.

Verlene aliendelea kumenya. Mabega yalimuuma, na maji ya chumvi yalimchoma kwenye mikato ya vidole. Akikikosa kiti hiki, mji mzima wa Crisfield umebaki na kiwanda cha kuku tu, na kule mashine haimsubiri mtu.

Akachukua kaa mwingine. Gando ni jiwe, hilo hugongwa kwa mpini wa kisu. Mgongo huvunjika kama kigae. Kwenye kifundo gamba ni laini kama ndewe ya sikio, na hapo ndipo kisu kinapopita. Hayo yote hayakumsumbua. Adui yake alikuwa kuta za vyumba vya ndani ya mwili wa kaa: gamba jembamba kama ngozi ya kitunguu, linalojikunja katikati ya nyama hata kidole kisilitambue.

"Tubadilishane makopo," Shangazi alinong'ona, kama kila siku.

Yakabadilishwa.

Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Meza nzima ikaitikia, visu vikashika mdundo. Nje upepo ulizitikisa mbao zilizoziba madirisha yote tangu kimbunga kilipopita. Verlene aliimba kwa sauti ya chini, akiuachia wimbo umbebee mikono.

Mara wimbo ukakatika. Kisha visu navyo vikanyamaza, kimoja baada ya kingine, mpaka cha Shangazi aliyekaa ubavuni pake.

Verlene akagonga gando, akachomoa nyama nzima nzima, akaidondosha koponi.

"Mmechoka mapema yote hii?" akawatania, akichukua kaa mwingine. "Kaa hawajimenyi, jamani!"

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Shangazi Odessa ukamshika kifundo cha mkono.

"Acha, mwanangu," mzee akanong'ona. "Bosi kazima taa."