Leseni Isiyo na Doa

Leseni ya Leonidasi Nduwayezu ilizama chooni Jumatatu asubuhi, na harusi ya binti yake kule Kibondo ilikuwa Jumamosi.

Aliinama kidogo tu. Mfuko wa shati ukalegea, kadi ikaenda zake. Akamulika tochi. Haikuonekana hata ncha.

"Ile ya zamani ya karatasi ingeelea," alisema mkewe, Esteri, nje ya mlango.

"Esteri, nyamaza."

"Ego, haya, nimenyamaza. Lakini ingeelea."

Bila leseni, Kibondo hakuendeki. Barabara hiyo ya karibu na mpaka ina kizuizi, na kizuizini hawali maneno. Miaka ishirini na mbili Nduwayezu alikuwa akipita pale na leseni kifuani, na hata siku moja hakuambiwa ashuke. Asipofika, binti angekabidhiwa na baba yake mdogo, Pasikali, ambaye kwenye harusi iliyopita alisinzia akiwa ameshika kipaza sauti.

Kituoni, askari akafungua daftari.

"Imepotelea wapi?"

"Chooni."

"Choo cha wapi?"

"Kwangu, Makere. Nyuma ya nyumba, upande wa migomba."

Askari akaweka kalamu chini. "Mzee, hiyo haijapotea. Iko mahali panapojulikana. Hapa tunaandika vilivyopotea."

Nduwayezu akafikiri. "Sasa sijui ilipo."

"Hapo umesema." Kalamu ikainuka.

Jumatano alisimama mbele ya dirisha la leseni mjini Kasulu, karatasi ya polisi mkononi. Ndani aliketi karani mmoja, Firdausi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imezama."

Firdausi akamwambia aweke kidole kwenye kioo. Uso wa Nduwayezu ukajitokeza kwenye kompyuta, umekunja ndita vilevile.

"Unaona uzuri wa mambo ya kielektroniki? Kadi imezama, wewe bado umo humu. Enzi za karatasi wangeweza kukurudisha kwenye mtihani."

Jasho likamtoka Nduwayezu. "Mtihani?"

"Enzi hizo, baba. Sasa hivi hapana." Akarudisha macho kwenye kompyuta, akakunja uso. "Mbona humu mweupe hivi? Hakuna faini. Hakuna ajali. Madereva wa hapa mjini nikiwafungua, nasoma mpaka chai inapoa."

"Sijawahi kugonga hata kuku," alisema Nduwayezu, akitazama viatu vyake.

"Badru!" Firdausi akamwita mwenzake. "Njoo umwone dereva."

Badru akaja, akasoma, akatikisa kichwa. Kisha akapitisha mkono dirishani, akampa mzee mkono wa heshima. "Laiti wote wangekuwa kama wewe, mzee, barabara hii isingezika watu."

Nduwayezu akashukuru kwa sauti ndogo.

Ijumaa jioni kadi ikatoka. Esteri alishona kifungo kipya kwenye mfuko wa shati, akakivuta mara tatu kwa meno kukijaribu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, gari likasimamishwa kizuizini. Ofisa mwenye sare akasogea.

"Vitambulisho!"

Nduwayezu akatoa leseni kabla neno halijaisha. Ofisa akalisoma jina lile, akainua macho, akalisoma tena.

"Nduwayezu. Wewe ni wa upande gani wa mpaka?"

"Wa upande huu. Kadi hiyo hapo."

Ofisa akaigeuza kadi nyuma na mbele, akaipiga kidole, akairudisha. "Haya, mzee dereva. Safari njema." Akasonga mbele kati ya viti, akawashusha wawili waliokuwa na barua za kijiji tu.

Basi likaondoka. Mama aliyeketi naye kiti cha nyuma akamgeukia kwa heshima mpya.

"Kumbe mwenzetu ni dereva! Unaendesha gari gani, baba?"

"Baiskeli," alisema Nduwayezu, akifunga kifungo. "Nayo kwenye mteremko nashuka."