Kopo la Madini

Mwanakheri, mkaguzi wa shehena bandarini, alijaza kopo madini yaliyosagwa, kisha akampa mumewe, nahodha wa meli iliyongoja kuyapakia.

“Ligonge wewe, Baba Tima. Mwenye mzigo asije akasema nakuzuia kwa mapenzi.”

Nahodha aliligonga sakafuni mara ishirini na tano. Madini yaliyoonekana makavu yakatoa maji, yakalegea kama uji.

“Yakilegea hivi baharini kwa kutikiswa na mawimbi,” Mwanakheri alimwambia, “yatamiminikia upande mmoja na meli itapinduka.”

“Nina watu ishirini mle,” nahodha alijibu taratibu. “Hatupakii mpaka yakauke.”

Akamshika mkono uliojaa vumbi la madini, wala hakuuachia. Nje mvua ilikuwa imekatika, na lundo la madini lilikuwa likifuka mvuke juani.