Risasi za Swala

Siku moja kabla ya msimu wa kuwinda, Mkude aliweka bastola ya marehemu baba yake, risasi zake na fomu ya kuomba kibali mezani kwa Bi Nambela, ofisa wa wanyamapori. Bi Nambela aliupima mtutu kwa rula, akaridhika. Kisha akachukua risasi moja, akaigeuzageuza kiganjani.

"Bastola inakubalika. Risasi hizi nguvu yake ni ndogo, sheria hairuhusu kumpigia swala."

"Afande, marehemu mzee aliua swala kwa hizi hizi."

"Alimuua kwa ngapi?"

Mkude alikuwapo siku ile.

"Sita," akasema. "Tukafuata damu mpaka jioni. Tulipomfikia alikuwa bado amesimama, anatutazama."

Bi Nambela alimrudishia fomu yake taratibu. "Zenye nguvu zaidi, zinazoingia bastola hii, zipo dukani hapo mbele. Kanunue, uje nikugongee muhuri."

"Ahsante, mama."

Dukani wawindaji walikuwa wamepanga foleni, wakicheka. Mkude akajiunga nao. Foleni ikasogea. Mtu aliyekuwa nyuma yake akasema, "Songa, kaka."

Mkude hakusonga; alikuwa akimwona yule swala, amesimama, anamtazama. Mbele yake nafasi ilizidi kupanuka.