Dada wa Dirisha la Nne

Fundi makochi alivaa shati jipya kwenda kuchukua mafao ya marehemu mkewe. Wenzake karakanani walicheka hadi misumari waliyoibana midomoni ikadondoka.

Miezi minane nyuma hakuwa na shati wala matumaini. Mkewe, dereva wa greda la serikali, alifariki akamwachia binti wa miaka mitatu. Pale dirisha la nne la ofisi ya mafao, fomu ilimtaka aandike tarehe ya kifo cha mume wake. Kanuni ilisema mafao ya mfiwa ni ya mke, mwanaume atajijua. Mama mkwe naye alishasema: kama baba hana kipato cha kumwezesha kukaa nyumbani na mtoto, mtoto ataenda kwa bibi yake, safari ya siku mbili. Fundi alikosa usingizi.

"Kanuni hii ni ya kipuuzi," alisema dada wa dirisha la nne, akaisukuma fomu kando. "Tuishtaki."

"Si ndiyo ofisi yako, dada?"

"Ndiyo maana najua ilivyo ya kipuuzi."

Aliandika malalamiko kwa mkono wake, akamtafutia wakili wa kujitolea, kisha akawakimbiza wote wawili mchakamchaka. Wakili alipotaka kesi isogezwe hadi mwaka ujao, dada alimjibu kwamba mwaka ujao ni wa wenye nafasi.

Na alikuwa na maswali ambayo hayamo kwenye fomu yoyote. Fundi anapika mwenyewe? Mtoto akiamka na homa anafanyaje? Siku moja alimpa uzi wa kufungia mafaili, akataka aonyeshwe jinsi anavyomsuka binti yake. Fundi alisuka mistari mitatu palepale kaunta, foleni ikinung'unika nyuma yake. Dada akaichora hatua kwa hatua kwenye daftari lenye jalada jekundu.

"Kumbe mwanaume anaweza kujifunza," alisema taratibu.

"Mwenye vidole tu, dada."

Alimtazama kwa namna iliyoufanya moyo wa fundi uanze mambo ya ujana. Karakanani hukumu ilitoka kabla ya ile ya mahakama: amependwa. Pete ambayo dada alikuwa akivaa mwanzoni haikuwapo tena kidoleni, na fundi akaihesabu kuwa ushindi. Magauni yalianza kumpwaya. Wenzake wakasema hayo ndiyo mapenzi, yanakondesha.

Jaji naye hakuzunguka mbuyu. Mfiwa ni mfiwa, alisema, awe mke au mume, na kuwanyima wanaume ni ubaguzi wa kijinsia. Mtoto akabaki kwa baba yake. Dada hakufika mahakamani siku hiyo, ila alituma salamu kwamba amefurahi sana.

Basi fundi alishona mto wa mahameli kwa ajili ya kiti kibovu alichokalia dada pale dirishani, akapanga maneno ya kumwambia, akayarudia njia nzima.

Dirisha la nne alikuta karani mgeni. Mbele yake kwenye foleni alisimama mwanaume aliyekuwa akijaza fomu mpya, ameiegemeza juu ya daftari lenye jalada jekundu. Kitoto cha kike kilimshika suruali, kichwani kina mistari mitatu ya nywele iliyopinda.

Mwanaume akamgeukia.

"Samahani, kaka. Hapa kwenye kazi ya marehemu mke, niandike karani tu, au nitaje na dirisha hili?"