Sauti Moja kwa Kila Nyumba

Mwalimu Wakesho aliinywea chai yake dirishani, kikombe kikiwa kimepitishwa kati ya nondo. Mume wa mwenyeji wake alikuwa kazini, na siku hizi mlango wa kila nyumba hufunguka kwa sauti moja tu, ya mkuu wa kaya.

"Naona aibu kukusimamisha nje, Mwalimu," alisema Mghoi, mwanafunzi wake wa miaka ishirini iliyopita.

"Usijali, mwanangu. Kuna akina mama wachache tunakutana kuzungumzia haki zetu, kama zamani. Nikasema Mghoi hawezi kukosa. Si wewe uliyekuwa ukiwanyamazisha wavulana kwenye mdahalo?"

Mghoi akainamisha kichwa. "Huu mlango niliubuni mimi."

"Wewe?"

"Ulituhimiza wasichana tusome uhandisi, nami nikasoma. Wakubwa waliponiuliza mlango utambue sauti ngapi, nikawajibu moja inatosha. Nilidhani itakuwa yangu."

Mwalimu akapitisha mkono kwenye nondo, akamshika vidole, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jioni alifika kwake, akasimama mbele ya mlango na kutoa simu. Akaifungua sauti aliyoirekodi hospitalini, wiki ya mwisho. Mume wake, aliyezikwa mwaka juzi, akakohoa, akavuta pumzi, akasema, "Nimerudi."

Mlango ukafunguka.